Kabureta ya pikipiki iliyotoka Dar kuja Dodoma: usikubali mtu akutobolee jeti (uzi mrefu)

Ilazo125

Habari za jioni wakuu, poleni na vumbi la wiki hii.

Kila wiki namkuta mtu huku kwetu Ilazo au njia ya kwenda Mtumba analia na pikipiki. Inakula mafuta, inatoa moshi mweusi, haivuti, kaipeleka kwa fundi mara tatu na kila ikitoka inakuwa mbaya zaidi ya ilivyoingia. Basi leo naandika yote niliyojifunza kwenye kabureta (kile kinachochanganya petroli na hewa) yangu mwenyewe, nyumbani barazani, na bisibisi mbili, spana namba 10, beseni na tochi ya simu. Aliyezidi ujuzi anisahihishe, nataka iwe sahihi maana kuna watu wataenda kufungua vitu vyao kwa kusoma hapa.

Pikipiki yangu ni mchina 125, injini ile ya ukoo wa Honda CG125 ambayo mafundi wanaijua kama viganja vya mikono yao. Dar nimeitumia miaka miwili, lita moja naenda km 40. 2019 nikahamia huku kikazi, pikipiki ikaja juu ya lori na vyombo, miezi miwili haijaisha naona lita inanifikisha km 33, plagi nyeusi kama imetoka kwenye sufuria la kuni, na ukisimama pale Jamatini sailensi (injini ikizunguka bila kuvuta akseleta) inagugumia kidogo kisha inazima.

Nikaipeleka kwa fundi, simtaji yeye wala mtaa. Akaniambia kaka huku Dodoma tuko juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo pikipiki inataka mafuta zaidi. Mi nikaona anaongea kitaalamu, nikakaa kwenye benchi. Akafungua bakuli la chini, akachomoa jeti kubwa (kile kijipande cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli), akaibana na plaizi, akachukua kipande cha spoku alichokinoa ncha, akawa anakizungusha ndani ya tundu huku unga wa shaba unamdondokea kwenye kidole gumba, akapuliza kwa mdomo, akafunga. Elfu kumi. Wiki hiyo hiyo lita ikawa km 26, na nikichomoa kijiti cha oili kinanuka petroli.

Sasa hapo ndo penye kosa lenyewe na ndo sababu ya uzi huu. Ni kweli tuko juu, Dodoma mjini ni kama mita 1,120 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 10. Lakini hewa ikiwa nyepesi maana yake kila pistoni inapovuta inapata hewa pungufu, na petroli inayohitajika kuungua na hiyo hewa nayo ni pungufu. Kabureta haina ubongo, haijui kwamba umehama, inaendelea kumwaga karibu yale yale ya Magomeni. Kwa hiyo huku shida ni mafuta kuzidi, dawa ni jeti yenye tundu DOGO zaidi. Yule bwana alijua nusu ya kwanza ya jambo, nusu ya pili akaigeuza.

Na hata hiyo ndogo, ni ndogo kidogo tu. Watu wakisikia asilimia 10 wanataka kushusha jeti namba tatu nne, hapana. Hewa ikiwa nyepesi mvuto wake wa kunyonya petroli kwenye jeti nao unapungua, kwa hiyo mafuta yanapungua yenyewe kiasi, na kinachobaki kuzidi ni kama asilimia 5 hivi. Kwenye kabureta yangu jeti imeandikwa 105, maana yake tundu la milimita 1.05. Ukipiga hesabu ya eneo la tundu, asilimia 5 inakupeleka 102. Namba moja tu dukani! Halafu ile iliyotobolewa nilikuja kuipima, biti ya milimita 1.2 imepita bila kusukumwa. Kutoka 1.05 kwenda 1.2 ni kuongeza eneo la tundu kwa asilimia 30. Thelathini wakuu, kwa pikipiki iliyokuwa tayari imezidiwa mafuta.

Nikanunua jeti mbili mpya za shaba, 105 na 102. Nikarudisha kwanza 105 maana nilitaka kuanza pale kiwanda kilipoanzia. Moshi ukapungua, lakini plagi bado nyeusi, bado km 32, 33. Hapo nikaelewa kwamba hata kabla ya spoku kulikuwa na kitu kingine, maana mwinuko peke yake hauwezi kuniibia km 7 kwenye lita moja. Nikafungua ea klina. Ndani kuna sponji, ilikuwa imekuwa kahawia kama tofali la udongo, ukiibonyeza vumbi linatoka kama unga wa mtama. Miezi miwili tu ya Dodoma hiyo, tena kiangazi, na upepo wa mwezi wa 7 na wa 8 mnaujua. Pikipiki ilikuwa inavuta pumzi kupitia tofali! Nimeiosha kwa mafuta ya taa, nikarudia kwa sabuni ya unga na maji, nikaianika kivulini, ilipokauka kabisa nikaipaka oili safi ya injini kidogo, nikaikamua kwa kuibana kati ya viganja (usiisokote kama nguo, inachanika). Siku ya pili km 37.

Basi ule utaratibu ninaoufuata mpaka leo ni huo. Naanza na hewa inakoingia, nakwenda kwenye floti (inayozuia petroli isizidi kwenye bakuli), naangalia kama kuna mahali hewa inapenya isipotakiwa, ndo naenda kwenye skrubu ya sailensi, na jeti naigusa mwisho kabisa. Asilimia kubwa ya pikipiki nilizosaidia mtaani hatukufika kwenye jeti.

Kesho naendelea na floti na kusoma plagi, macho yamechoka. Karibuni.

Kibaigwa_Stendi

Mbukwenyi wakuu. Asante mtoa mada, umenigusa. Mimi ni bodaboda huku Kibaigwa, napiga sana safari za mashambani na wakati wa mahindi nabeba mpaka gunia. Yangu ni kinyume na yako mkuu, haina moshi kabisa, plagi nyeupe, lakini haivuti mpaka nivute choki nusu. Nikiachia choki inakohoa kama mgonjwa. Na nikifunga akseleta resi (kasi ya injini) haishuki haraka, inaning'inia juu halafu ndo inashuka. Nishushe jeti au nipandishe??

Ilazo125

Usiguse jeti kaka! Choki ndo kipimo rahisi kuliko vyote na hakina gharama. Choki kazi yake ni kuziba hewa ili mafuta yazidi. Kama pikipiki inapona ukivuta choki basi ilikuwa na njaa ya mafuta, au inapata hewa ya wizi mahali. Kama inazidi kuumwa ukivuta choki basi ilikuwa imeshiba kupita kiasi kama yangu. Na hiyo resi kuning'inia mara nyingi ni hewa ya wizi. Chunguza ile raba inayounganisha kabureta na injini, pamoja na oringi yake. Iwashe iwe kwenye sailensi, chukua chupa ya kupulizia yenye maji ya kawaida, pulizia kidogo kidogo kuzunguka hiyo raba. Sauti ikibadilika palepale umempata mwizi. Watu wanatumia petroli kufanya hicho kipimo, tafadhali usijaribu, injini ya moto na petroli vikikutana utapoteza pikipiki na nyusi.

Na usiendelee kubeba gunia ikiwa hivyo. Mafuta yakiwa pungufu injini inachemka kupita kiasi na pistoni inaweza kuyeyuka kichwani au kung'ang'ania kwenye silinda. Kuzidi mafuta kunakutoa hela taratibu, kupungua mafuta kunakuua siku moja.

FundiMzeeKikuyu

Nimesoma yote. Mimi nimeanza kufungua Honda na Yamaha za wamisionari na wakaguzi wa elimu kabla wengi wenu hamjazaliwa. Kijana umeeleza vizuri na mambo yako ni ya kweli, ila nataka useme haki ya mafundi pia.

Fundi hatoboi jeti kwa kupenda. Mteja anakuja jioni anataka pikipiki leo, jeti ya namba anayohitaji dukani haipo, iliyopo imeandikwa namba lakini tundu si la namba hiyo, na mteja mwenyewe ukimwambia niachie siku mbili nipime anaenda kwa jirani. Miaka ile tulikuwa tunasubiri spea zije na treni. Tulikuwa tukiona tundu limezidi tunalijaza lehemu tunalitoboa upya kwa biti nyembamba tukaipima, na ilifanya kazi. Kosa la huyo aliyekufanyia si kutoboa peke yake, kosa ni kutoboa bila kupima kabla wala baada, na kutojua anaelekea wapi.

Kuhusu jeti za bandia nikupe kipimo. Chukua bomba la sindano la hospitali la ml 20, toa kile cha kusukumia. Bana jeti mdomoni mwake kwa kipande cha mpira wa petroli. Jaza petroli mpaka kwenye mstari, achia kidole, hesabu sekunde mpaka iishe. Fanya na jeti ya zamani iliyokuwa nzima, fanya na mpya. Ikipitisha haraka zaidi ina tundu kubwa, haijalishi imeandikwa nini. Nina jeti 2 hapa zote zimeandikwa 100, moja inamaliza sekunde 4 kabla ya mwenzake. Fanyia nje, mbali na jiko la mkaa.

Ilazo125

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa na nimepokea, kweli kuna upande wa mteja sikuuona. Hicho kipimo cha bomba la sindano nitakifanya kesho asubuhi.

Mzee naomba utusaidie na jambo moja, ile skrubu ya pembeni. Kuna mtu aliniambia kuifungua ni kuongeza mafuta, mwingine akasema kuifungua ni kupunguza.

FundiMzeeKikuyu

Marahaba. Wote wawili wamesema kweli, inategemea imekaa wapi. Angalia kabureta kwa ubavu. Skrubu ikiwa upande wa ea klina, yaani inatangulia pistoni ya kabureta (ile inayopanda ukivuta akseleta), hiyo ni ya hewa, ukifungua unaongeza hewa. Ikiwa upande wa injini, hiyo ni ya mafuta, ukifungua unaongeza mafuta. Wengi hawajui hilo, wanazungusha tu wanasikiliza, wanashangaa leo imeitikia kesho haiitikii.

Kuiset: tembeza pikipiki dakika kumi ipate moto wa kazi. Izime. Funga skrubu ukihesabu mizunguko mpaka ikae chini polepole, usiikaze, ncha yake ni nyembamba na ikibonyea umeharibu kabureta nzima. Andika ulihesabu mingapi. Fungua mzunguko mmoja na nusu. Washa. Sasa zungusha robo robo ukisikiliza, kuna mahali resi inapanda yenyewe bila wewe kugusa akseleta, ukipita hapo inashuka tena. Pale juu ndo pake. Halafu shusha resi kwa ile skrubu kubwa ya sailensi, kwa hizi 125 ni kama mizunguko 1,400 kwa dakika, kama huna mita basi ni pale taa inapoacha kutetemeka na injini haitaki kuzima. Ukiona mpaka uifungue mizunguko 3 na zaidi ndo inakaa, jeti ndogo (ile ya sailensi) imeziba au si saizi yake. Ishughulikie hiyo, acha skrubu.

AfisaUgani_Bahi

Habari zenu kaka zangu na shikamoo mzee. Mimi ni afisa ugani wilaya ya Bahi, natumia pikipiki katika zile zilizogawiwa kwa maafisa ugani 2022. Kata yangu haina sheli, tunanunua wese la kwenye chupa. Mvua ya kwanza ya mwezi wa 12 ikianza tu pikipiki yangu inaanza kuzima zima, inawaka, inatembea mita 200, inazima. Nikikaa dakika tano inawaka tena. Mafundi wawili wamesema nibadilishe kabureta nzima. Naomba msaada, kuna wakulima wa mpunga wananisubiri na siwezi kutembea km 14 kwa mguu.

FundiMzeeKikuyu

Marahaba binti yangu. Usinunue kabureta. Chini ya bakuli kuna skrubu ndogo ya kutolea mafuta, mara nyingi ina kijibomba cha kutolea. Funga koki ya tenki, weka chupa nyeupe ya maji ya kunywa chini yake, ifungue. Acha hiyo chupa itulie kidogo kisha iangalie kwenye mwanga wa jua. Petroli inaelea juu, maji yanakaa chini kama shanga za kioo. Nina hakika utayaona. Maji yakikaa chini ya bakuli ndo yanavutwa na jeti, injini inazima, ukikaa yanasogea, inawaka.

AfisaUgani_Bahi

Nimefanya sasa hivi mzee. Yapo!! Karibu robo ya kifuniko cha chupa, na chini kuna kama mchanga mwekundu mwembamba.

FundiMzeeKikuyu

Huo mwekundu ni kutu ya tenki lako au ya dumu la muuzaji. Toa mafuta yote ya tenki, yachuje kwa kitambaa cha nailoni safi, yaache yatulie kwenye dumu jeupe usiku kucha, rudisha ya juu tu, ya chini mwaga kwenye shimo mbali na kisima. Weka kichujio cha mpira wa petroli, cha plastiki kinachoonyesha ndani, ni bei ndogo. Na unapojaza wese la chupa jaza kupitia kitambaa, kila siku, hata kama muuzaji ni ndugu yako. Maji ya mvua yanaingia pia kwa juu kupitia mfuniko wa tenki, angalia raba yake kama imechoka.

Ilazo125

Dada hongera, na mzee asante sana. Hili la wese la chupa niongezee, kuna wakati wa nyuma petroli kuchanganywa na mafuta ya taa lilikuwa tatizo kubwa nchini mpaka EWURA (mamlaka ya nishati na maji) ikaanza kuweka alama maalum kwenye mafuta 2010. Siku hizi kwenye vituo imepungua lakini kwenye chupa huwezi jua. Ukimwaga matone kwenye karatasi nyeupe petroli inakauka haraka bila kuacha alama ya mafuta, ikibaki doa la mafuta muda mrefu usiweke kwenye tenki.

Sasa niendelee na floti kama nilivyoahidi. Floti ni kama ile ya tenki la choo, ikipanda inasukuma sindano ndogo inaziba njia ya petroli. Ikikaa juu kuliko inavyotakiwa, petroli kwenye bakuli inakuwa juu, na jeti zote zinapitisha mafuta zaidi, hata ukiweka jeti sahihi unadanganywa. Yangu ilikuwa hivyo. Niliitoa kabureta, nikaigeuza, nikaiinamisha mpaka ule ulimi wa floti uguse tu kile kijipini cha springi juu ya sindano bila kukiminya, nikapima kwa rula kutoka kwenye ukingo hadi mgongo wa floti, nikalinganisha na ya jirani ambayo ni mpya na kabureta sawa na yangu. Tofauti milimita 3. Ulimi ni wa bati laini, nimeukunja kwa ncha ya bisibisi kidogo sana, nikapima, nikakunja tena. Na sindano yenyewe ncha yake ya mpira ilikuwa imefanya mfereji, unauona ukiigeuza kwenye mwanga, mduara mwembamba uliozama. Nikabadilisha. Hapo ndo oili iliacha kunuka petroli, maana usiku petroli ilikuwa inapenya taratibu mpaka ndani ya injini. Mwenye oili inayoongezeka bila kuongezwa, afunge koki usiku na aangalie hapo, na amwage hiyo oili hata kama ni mpya.

Nkuhungu_Moja

Mnajisumbua sana wakuu. Mi nimetoa ea klina yote, nimeacha mdomo wa kabureta wazi, pikipiki inapata hewa ya kutosha inavuta kama mpya, huu ni mwezi wa tano tangu niitoe. Hizo sponji ni za Ulaya.

FundiMzeeKikuyu

Mwanangu, nisikilize vizuri maana sikufichi. Kwenye meza yangu sasa hivi ipo silinda ya kijana mmoja aliyefanya hivyo hivyo, miezi 7. Nikipitisha ukucha ndani juu kabisa pale ringi inapoishia nasikia ngazi, kama ukingo wa sahani. Ndani imechorwa mistari ya wima kama umeisugua kwa msasa, na ndivyo ilivyokuwa, maana vumbi la Dodoma ni mchanga, likichanganyika na oili linakuwa msasa wa maji. Ringi zimekuwa nyembamba kama wembe. Sasa anatoa moshi wa bluu na anatakiwa silinda, pistoni, ringi na gasketi zote.

Inavuta kama mpya kwa sababu ulikuwa umezidiwa mafuta kama huyu kijana wa Ilazo, ukaongeza hewa, mchanganyiko ukakaribia sawa. Ungesafisha sponji ungepata mvuto huo huo na silinda ungebaki nayo. Irudishe leo. Njoo hapa Kikuyu nikuonyeshe hiyo silinda uiguse mwenyewe.

Nkuhungu_Moja

Nimekusoma mzee. Nina lile boksi nyumbani, sponji ndo sina. Kesho naingia Majengo kutafuta.

Ilazo125

Ukikosa ya pikipiki yako nunua ya saizi kubwa ukate, ila iwe ile ya matundu maalum ya fileta. Ya godoro usiweke, petroli inayorudishwa na kabureta inaiyeyusha na vipande vinaingia ndani.

Sasa kuisoma pikipiki, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kila kitu ndani ya kabureta kina eneo lake la akseleta. Nimebandika selotepu nyeupe kwenye mpini, nikachora mistari ya robo, nusu, robo tatu, na alama moja kwenye sehemu isiyozunguka. Sasa ukitembea unajua uko wapi. Ikikohoa karibu na kufunga, ni jeti ndogo na skrubu ya pembeni. Kuanzia robo mpaka robo tatu ni sindano ya kati, ile ndefu inayoning'inia kwenye pistoni ya kabureta, ina mikato mitano na klipu. Klipu ikipanda sindano inashuka na mafuta yanapungua, klipu ikishuka sindano inapanda na mafuta yanaongezeka, sogeza mkato mmoja tu kwa wakati. Jeti kubwa ndo bosi kuanzia robo tatu mpaka mwisho. Kwa hiyo mtu ambaye shida yake iko sailensi halafu anabadilishiwa jeti kubwa, hela imeenda bure.

Plagi niliisoma barabara ya Hombolo asubuhi saa 12 nusu, haina magari na ni tambarare. Plagi mpya, gia ya tatu, akseleta mpaka mwisho kama dakika moja, halafu kwa wakati mmoja nabana klachi na kuzima swichi, naiacha itembee mpaka isimame. Usiirudishe nyumbani kwa sailensi, utakuwa unasoma sailensi. Nikachomoa kwa kitambaa. Na 105 ile kaure nyeupe chini kabisa kwenye shina ilikuwa na mzunguko mweusi mpana. Na 102 mzunguko ukawa mwembamba, rangi ya chai ya maziwa. Nikajaribu na 100 kwa sababu nilitaka kujua, plagi ikawa karibu nyeupe na kwenye mwisho wa akseleta ikawa kama inashikwa nyuma, nikarudi 102 palepale kando ya barabara huku nimepiga magoti.

Na kuna dalili nyingine sikuiona mpaka nilipotulia. Usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 hapa kunakuwa na baridi, na pikipiki yangu ilikuwa inavuta vizuri usiku kuliko saa 8 mchana. Hewa ya baridi ni nzito, ilikuwa inaisaidia kumeza yale mafuta yaliyozidi. Mwenye pikipiki inayopona usiku na kuumwa mchana achunguze mafuta kuzidi.

Mtera_Iringa

Mkuu swali. Mi natembea Dodoma kwenda Iringa kila mwezi. Mtera ni chini, kama mita 700, halafu unapanda mpaka Iringa mita zaidi ya 1,500. Inabidi nibebe jeti tatu?

Ilazo125

Hapana kaka, set ya Dodoma itakubeba njia nzima. Mtera kwenda na kurudi tofauti ni ndogo sana, na Iringa utahisi kidogo imeshiba kwenye kupanda Nyang'olo lakini haitakuzimia. Ningekaa Iringa moja kwa moja hapo ningejaribu kushuka namba moja. Anayehitaji kuwa makini ni anayeteremka kwenda Moro na Dar na jeti aliyoipunguza huku, halafu apige mwendo mrefu akseleta mwisho, huyo anapungukiwa mafuta.

Kibaigwa_Stendi

Wakuu nimerudi. Nimepulizia maji kama mlivyosema, sauti ikabadilika upande wa chini ambako hauonekani. Nimeitoa ile raba, juu nzima, chini ina ufa mrefu kama wa kisigino kipindi cha kiangazi, ukiikunja unafunguka. Mpya elfu nane. Nimeiwasha bila choki, imepokea. Resi inashuka palepale. Leo nimebeba gunia mpaka Mlali nikarudi, plagi imeanza kupata rangi.

Mungu awabariki, nilikuwa nimeshapewa bei ya kabureta mpya elfu sitini na tano.

Ilazo125

Aisee nimefurahi mpaka nimemsomea mke wangu.

Yangu leo imegonga km 41 kwa lita, nimepima kwa kujaza tenki mpaka shingoni sheli ileile, pampu ileile, mara tatu mfululizo. Mwezi ujao naipeleka Dar kwa mdogo wangu akaitumie. Nimeshaandika kwenye kikaratasi, skrubu ya pembeni mzunguko mmoja na robo tatu, klipu mkato wa tatu, jeti 102, rudisha 105 ukifika. Kikaratasi na ile 105 vipo kwenye kifuko kimoja, nimekifunga kwa raba chini ya siti karibu na betri.